Peke Yake na Wapambe Wake

Mashindano ya baiskeli ya Race Across America huvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, kilomita zipatazo 4,800, na wamo wanaoshindana "peke yao". Peke yao, jamani! Nyuma ya kila mmoja gari linafuata, na ndani yake yumo dereva, msoma ramani, mpika uji, wa kumkanda miguu na wa kumpigia kelele asisinzie. Bwana harusi hana wapambe wengi hivyo.

Waliochoshwa na harusi hiyo wana Transcontinental ya Ulaya, aliyoianzisha Mwingereza Mike Hall mwaka 2013. Huko mkate ununue dukani kama mpita njia yeyote. Shemeji akikungoja konani na chupa ya chai, umevunja sheria. Hata kujibanza nyuma ya mwenzako kukwepa upepo ni kosa. Gurudumu likipasuka saa tisa usiku, msiba ni wako.

Basi kambi mbili husutana: wewe umedekezwa, wewe unajitesa. Kumbe Christoph Strasser wa Austria, aliyeshinda ile ya wapambe mara 6, akaenda kushinda na ile ya wakiwa mwaka 2022, akarudia 2023. Wazee wa ubishi, huyo mnamweka kambi gani?