Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Safari za Umisheni

Waheshimiwa wajumbe, huko mliko Marekani,

Nawaarifu ya kwamba wageni wenu kumi na wanne waliwasili salama usalimini, na ya kuwa mimi, mwalimu mstaafu niliyetwishwa kazi ya ukalimani kwa kuwa Kiingereza changu hakijaota kutu, nimeona ni wajibu wangu kuwapa habari za siku zao za mwanzo, maana picha mlizopelekewa, pamoja na uzuri wake, ni bubu.

Walishuka garini katika stesheni ya Miritini, Mombasa, saa nane mchana, wamekesha angani na kisha kusafiri kwa reli tangu Nairobi asubuhi, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa zilizoandikwa kifuani kwamba wametuletea nuru. Na kwa jua lilivyokuwa likiwaka saa ile, hapana aliyethubutu kuwaambia kuwa nuru ndiyo bidhaa tusiyopungukiwa. Kila mmoja alikuwa na masanduku mawili, moja la nguo zake na moja la sadaka, na katika haya ya sadaka mlikuwamo penseli za rangi, peremende, na fulana kuukuu nilizozitambua mara moja, kwani ndugu zake huzitangulia kwa meli na kuuzwa soko la Kongowea kwa marobota.

Wahenga walikadiria kuwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Hawa, insafu niwape, jembe walilitaka siku ile ile ya kwanza, kabla hata madafu hayajakwisha, nasi tukawaomba walale kwanza.

Siku ya pili niliwapeleka Rabai, nikawaonyesha nyumba ya mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846 asirudi Ulaya hata 1875, macho yakiwa yamekaribia kupofuka. Nikawasimulia pia habari za Ludwig Krapf, aliyemtangulia kufika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe na kitoto chao kichanga. Kijana mmoja, mpole na mwenye adabu, aliniuliza Rebmann alijenga nini hasa katika miaka ile yote 29. Nikamjibu kwamba sehemu kubwa ya umri wake aliipitisha kwa kuwauliza watu maneno yao na kuyaandika, na kwamba waliobatizwa walikuwa wachache mno. Alimsikitikia sana marehemu, akanikumbusha kuwa wao wana siku kumi tu, na tayari ukuta umekwisha kupimwa.

Ukuta huo ni wa skuli yetu, nao waliufikia siku ya tatu, masomo yakaahirishwa ili watoto wapate kuimba. Fundi rangi wetu, mwenye brashi zake mwenyewe na watoto wanne wa kulisha, aliajiriwa kuwashikia ngazi. Binti mmoja mwenye bidii ya ajabu alipaka ukuta, akapaka kioo cha dirisha, akapaka kitasa, na mjusi aliyechelewa kuondoka akapata naye fungu lake. Mtoto wa darasa la pili alinivuta kanzu akauliza, “Mwalimu, kwani kwao hakuna kuta?” Wageni wakataka kujua amesema nini. Nikawatafsiria kwamba anawashukuru, nao wakatokwa na machozi. Dhambi hiyo ni yangu, msimwandikie mtoto.

Nauli zao sitaki kuzitaja, kwani kuhesabu fedha za mgeni ni utovu wa adabu, ingawa mtunza hazina wa skuli amekwisha kuzihesabu mara mbili, na mara zote mbili akavua miwani. Nisemalo ni kuwa walipokwenda Tsavo kutazama ndovu, fundi alirudi na ngazi yake, akakwangua kitasa, akaupaka ukuta upya kwa masazo ya mikebe, na ujira wake ukawa ile mikebe mitupu.

Basi nina ombi moja. Mwaka juzi ukuta ulipakwa manjano, mwaka jana buluu, na mwaka huu kijani. Tafadhalini mtujulishe mapema rangi ya mwakani, na tarehe ya kufika, tupate kuuchafua kwa wakati.

Wenu mtiifu,
Mkalimani