Kibanja Kisicho na Kamati

Nilihama Dar es Salaam kwa sababu ya kaptula. Nilikuwa nimeianika kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, kaptula ya heshima kabisa, nikaikuta kwenye kundi la WhatsApp la wakazi imechorewa mshale mwekundu. Jengo letu lilikuwa na umoja wa wamiliki, maana tangu sheria ya 2008 mtu anaweza kumiliki sehemu yake ya ghorofa, na wenye sehemu wakawa na chombo chao. Umoja ulikuwa na kamati, kamati ilikuwa na katibu, na katibu alikuwa amestaafu, hana kazi nyingine. Faini ya kaptula: elfu ishirini. Nikamwambia mke wangu, "Nataka kuishi mahali pasipo na kamati."

Mke wangu ni Mhaya. Alicheka sana. Ningemuuliza anacheka nini, insha hii isingekuwepo.

Kibanja tulikipata huko kwao Uhayani, wilaya ya Muleba, upande wa Kamachumu: migomba, mibuni chini yake, na nyumba ya vyumba vitatu yenye ufa mrefu ukutani. Muuzaji alisema ni wa tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Siku hizi najua kwamba kuanzia Bukoba mjini mpaka huku kwetu kila ufa, hata wa sahani, ni wa tetemeko lile.

Siku ya kuandikishana nilitegemea kumkuta muuzaji na mtendaji wa kijiji. Nilikuta watu ishirini na saba: mwenyekiti wa kitongoji, majirani wa pande zote nne, wazee wa ukoo, shangazi wa muuzaji, na bwana mmoja aliyekuwa anapita zake na baiskeli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Mila inataka majirani wautembee mpaka kwa miguu. Tukautembea. Tukatia sahihi, tukanywa rubisi, pombe ya ndizi, nikapewa buni za kutafuna. Hakuna aliyenidokeza kwamba nimeshajiunga na chama.

Jumatatu yake nikaanza usafi. Majani makavu ya migomba yalikuwa yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mtu wa Dar akiona majani makavu anaona nyoka. Nikaajiri vijana wawili, tukafagia, tukachoma. Jioni ardhi ilikuwa tupu, inang'aa kama uwanja wa gwaride.

Asubuhi nikamkuta jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, amesimama njiani kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Tumeshapoa. Pole ya nini, mzee?"

"Umeivua ardhi nguo."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto aliyefiwa. Majani yale ndiyo shuka na ndiyo mbolea. Wenzangu huenda rweya, kwenye nyika, kukata nyasi, wakazibeba kichwani waje kuitandikia migomba, na mimi nimechoma majani niliyopewa bure. Kufika adhuhuri kina mama watatu walikuwa wameshapita "kusalimia", macho chini, khanga mabegani. Kamati ya Dar ingenitoza faini. Hii ilinihani.

Wiki iliyofuata nikaona mimea yenye majani marefu kama ya mahindi, imepandwa pembezoni mmoja hapa, mwingine kule, bila mstari. Mimi napenda mstari. Nilikuwa nimeng'oa wa tatu niliposikia yowe. Kumbe ule ni mlamula, na mlamula ndio mpaka wenyewe. Hata jina lake lina undugu na kuamua. Nilikuwa naing'oa mahakama kwa jembe. Waliotembea mpaka siku ile wakaitwa tena, pamoja na yule wa baiskeli, ambaye ndiye aliyekumbuka vizuri kuliko wote. Gharama: rubisi ndoo mbili. Nikaanza kuikumbuka ile elfu ishirini.

Jirani wa upande wa chini, yeye huingia shambani kwangu na kijiti chenye panda, akavunja maua dume ya migomba yangu bila hata hodi. Hapo sina ubishi. Mnyauko wa migomba ulionekana Muleba mwaka 2006, na wadudu wanaoubeba kutoka ua hadi ua hawajui mlamula.

Miezi mitano baadaye akaja kijana kutoka Bukoba mjini, mpwa wa muuzaji, na bahasha ya hela mkononi. Anataka kukikomboa kibanja cha ukoo. Nikapanda Hiace mbio kwenda Bukoba kwa wakili, nikitarajia aniambie hayo ni mambo ya kale. Akanieleza hukumu ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, 1990, kesi iliyotoka huku huku Muleba. Inasifiwa nchi nzima kwa kumpa mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume, na mimi naisifu. Ila jaji aliiacha mila ya kukomboa: mwanaukoo akimrudishia mnunuzi bei yake, anaichukua.

"Na bati jipya nililoezeka?"

Wakili akatazama ziwa. "Hilo mtabishana."

Kikao cha ukoo kilikaa kwenye kibaraza changu, kwenye viti vyangu. Ikabainika kwamba zile hela kijana alikopa, na mwenye nazo anazidai. Wazee wakasema niachwe, nimeshajua kutandaza majani. Makaburi matatu ya nyuma ya nyumba yataendelea kuwa yao.

Desemba walikuja kuyasafisha, watu kumi na tisa ukiacha watoto. Bibi yao amelala hatua sita kutoka dirisha la chumba changu. Nikawapikia ndizi kwa nyama. Wakasema nyama ni kidogo. Yule shangazi akakagua paa, migomba, milamula, kisha akasimama mbele ya kamba yangu ya nguo.

"Hiyo kaptula isogeze," akasema. "Inamtazama mama."

Niliisogeza. Sikutozwa faini.