Babu Amerudi

Kazi niliyopewa ilikuwa kuamia ndege. Unapanda dunguni katikati ya mpunga, kweleakwelea wakishuka unavuta kamba ya makopo na kupiga ukelele, nao wanahamia kwa jirani. Babu alipopanda bodaboda kwenda Kilosa mjini kufuata dawa zake za presha, aliniusia: “Mume mwenzangu, macho kwenye masuke.”

Macho yakaenda kwenye Babu Alipofufuka, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka 2001. Nilikuwa nimeiazima kwa siku mbili tu. Humo kigogo mmoja, K, mwenye raha zake, anajiwa na mzimu wa babu yake. Sisi wa Chanzuru mizimu tumezoea kuisikia porini na kwenye mibuyu. Huyu kamfuata mheshimiwa nyumbani kwake, wala hakuandika jina getini! Nikasema, ukurasa mmoja tu, kisha navuta kamba.

Kweleakwelea nao wakasema, suke moja tu, kisha tunaondoka.

Jua lilipozama, upande mzima wa jaruba ulikuwa umebaki mabua. Nikarudi nyumbani kimya kimya, nikajifungia chumbani na kuendelea kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. K anatetemeka, nami natetemeka. Mara, ngo ngo ngo!

“Nani?”

“Babu yako. Fungua.”

Nikachungulia. Alikuwa amesimama kwenye mbalamwezi, mweupe pe kuanzia kofia hadi kandambili. Mfuko wa sembe ulikuwa umempasukia begani njiani, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilishapita dirisha la nyuma na kutua juu ya banda la kuku. Majirani wakatoka na marungu, “Mwizi! Mwizi!”

“Mwacheni,” babu akasema, akijikung'uta unga. “Huyo ndiye mlinzi wangu.”

Asubuhi alikagua shamba, akarudi bila neno, akaketi kwenye kigoda. “Lete hicho kitabu. Nisomee.”

Nikasoma sura ya kwanza na ya pili. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

“Babu mpole sana huyo,” alisema mwishowe. “Kangoja mpaka afe ndipo aje kumkaripia mjukuu. Mimi sina subira hiyo.”

Akainuka kuitafuta bakora.