Dordi Imekwisha Dukani

Jirani yangu wa Tanga, karani mstaafu aliyependa maneno makubwa kuliko hata alivyoupenda mshahara wake wa zamani, alinunua mnadani kamusi ya Kiingereza ya Webster, ile iliyochapwa mwaka 1934, akaiweka barazani juu ya kiti cha peke yake, na sisi wageni tukakaa mkekani.

Humo ndimo alimookota neno "dord", ambalo kwa mujibu wa kamusi hiyo ni istilahi ya fizikia na kemia, maana yake uzito wa kitu kwa kadiri ya ujazo wake. Na toka hapo hatukuwa na raha. Uji ukipungukiwa na dordi, hotuba ya Ijumaa ikizidi dordi, hata jioni moja akamrudishia muuza kahawa kikombe chake, akamwambia kwa upole wa kiungwana, "Mwanangu, kahawa yako nzuri, lakini haina dordi."

Masikini kijana yule, kwa kudhani ni kiungo, alidamkia dukani kuulizia robo ratli ya dordi, na mwenye duka, ambaye hajapata kukiri kwamba iko bidhaa asiyoijua, akatazama kopo la iliki, akatazama la mdalasini, akajibu, "Imekwisha. Mzigo utaingia Jumamosi."

Simlaumu, kwani waliomtangulia ni wanazuoni. Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi hiyo, Austin Patterson, aliandika kikaratasi "D or d", akikusudia kwamba herufi hiyo, kubwa au ndogo, ni mkato wa uzito wa namna ile; kikaratasi kikaangukia katika rundo la maneno badala ya la mikato, herufi zikashikamanishwa, na neno likazaliwa bila baba wala mama. Huko Springfield, Massachusetts, wakalipitia, wakalichapa, wala hapana aliyeuliza nasaba yake hata Februari 1939, mhariri mmoja alipoona kwamba halikuandikiwa asili.

Nilipomhadithia jirani habari hizi alinisikiliza kwa adabu, akafunua kamusi, akalitilia neno kidole. "Bwana mdogo, kitabu cha ratli zote hizi kitasema uongo?"

Muuza kahawa hakuwa hata na nafasi ya kusikiliza. Alikwisha kupandisha kikombe kutoka senti tano hadi senti kumi, kwa hoja kwamba dordi imeadimika. Nasi tukalipa, na wako walioapa kwamba ladha imebadilika.