Ombi la bei kikomo ya matusi

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), Dodoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Najua utajiuliza barua hii imefikaje mezani kwako, wewe mtu wa petroli, umeme na maji ya bomba. Nimekuchagua kwa sababu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nchi nzima hutega sikio isikie ofisi yako imesema lita ni shilingi ngapi Dar es Salaam, ngapi Tanga na ngapi Mtwara. Baada ya tangazo hilo mwenye kituo hana ruhusa ya kuja na bei aliyoiota usiku. Matusi ya watu maarufu hayajapata mdhibiti wa namna hiyo, na soko lake limeharibika kabisa.

Tazama mwenendo wa bei. Mwaka 2016 Jerry Muro, msemaji wa Yanga, alifungiwa kujihusisha na soka mwaka mmoja na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 kwa kauli zilizoikera TFF, shirikisho letu la soka. Mwaka uliofuata Haji Manara, wakati huo msemaji wa Simba, akapewa mwaka mmoja na milioni 9. Julai 2022 Manara huyohuyo, safari hii akiwa Yanga, akafungiwa miaka miwili na milioni 20 kwa maneno aliyomtolea Rais wa TFF, Wallace Karia, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha. Milioni 3, kisha 9, kisha 20! Petroli haikupanda hivyo hata mwaka ule wa vita ya Ukraine. Na uzuri wa huduma yenyewe ni kwamba mlalamikaji, hakimu na keshia unawapata wote chini ya paa moja, huhangaiki na foleni.

Sasa shuka kidogo uje mtaani. Msanii anasimama jukwaani anawasema wanawake wanene, au dada wa kazi, au watu wa mkoa fulani. Bei yake? Hakuna. Kesho yake anapakia video ya dakika moja, kofia kaivua, sauti kaishusha: "Nawaomba radhi wote niliowakwaza." Video ya radhi inatazamwa kuliko ile ya tusi, na wiki hiyohiyo wimbo mpya unatoka, kwa bahati tu. Sisi tunaiita kiki. Ni biashara ya ajabu, muuzaji akikamatwa ndipo anapouza zaidi. Yule dada wa kazi naye anaendelea kuosha vyombo huku watoto wa nyumba wakimwimbia utani alioutunga mtu asiyemjua.

Majirani zetu walijaribu kuwa wakali. Machi 2021 watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio, Nairobi, walimjadili mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 baada ya kumkataa mwanamume. Wakamlaumu mwanamke. Kampuni ya bia ya EABL ikaondoa matangazo yake, watangazaji wakafukuzwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikasimamisha kipindi kwa miezi sita na kuitoza redio shilingi milioni 1 ya kwao. Tukapiga makofi, na walistahili. Lakini ile milioni, Ndugu Mkurugenzi, ilikuwa ya Mamlaka. Aliyeanguka ghorofa kumi na mbili na kisha akachekwa redioni hakuwa mmoja wa wadai. Wakubwa walikasirika kwa niaba yake, na malipo ya hasira hiyo wakayapokea wao.

Najua kanuni yenu ya kukokotoa huanzia kwenye bei za soko la dunia, basi na hizo ninazo. Januari 2024 jopo la mahakama mjini New York liliamua kwamba Donald Trump amlipe mwandishi E. Jean Carroll dola milioni 83.3 kwa kumchafulia jina. Siombi tuilete bei hiyo huku, wasanii wetu wengine watahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ninachotaka tuagize kutoka kule ni mwelekeo wa hela: inatoka kwa aliyesema, inakwenda kwa aliyesemwa, haipumziki ofisini kwa mtu.

Kwa hiyo bei msiipange kwa cheo cha aliyetukanwa, ambayo ndiyo kanuni inayotumika sasa. Ipangeni kwa ujazo. Tusi la mwenye wafuasi milioni 10 limeingia nchini kwa meli. La jirani yangu limebebwa kwa kidumu. Juu yake ongezeni kila senti iliyotokana na kiki, kuanzia matangazo hadi viingilio vya shoo iliyofuata.

Kuna pia uchakachuaji, na hapa ninyi ni mabingwa, maana ndio mlioleta vinasaba vya kuubaini kwenye mafuta mwaka 2010. Naomba viwekwe na kwenye radhi. "Kama kuna mtu amekwazika" ipimwe, kwa macho tu inaonekana ni mafuta ya taa. "Kauli yangu ilinukuliwa vibaya", wakati video ipo na mdomo ni wake, kituo kifungwe papo hapo.

Hofu yangu ni moja. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili yasichanganywe na dizeli. Wachakachuaji wakapata hasara, ndiyo, lakini na bibi kijijini mwenye koroboi akawekwa kwenye hesabu hiyohiyo. Sitaki bei ya matusi ije kumlipisha mchekeshaji kwa kumwiga waziri anavyotembea. Tumeshaona. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia, na mara Rais Magufuli akasema aachiwe na wimbo upigwe. Bidhaa haramu ikawa halali kwa sababu mkubwa mmoja aliipenda. Angeamka na kichwa kinauma, tungekuwa na habari nyingine. Soko haliwezi kuendeshwa hivyo.

Basi tangazo lenu liseme waziwazi kwamba waheshimiwa hawana fidia ya kuudhika. Posho yao ya kuudhika imo ndani ya mshahara, pamoja na gari na dereva. Fidia ni ya asiyeweza kuitisha waandishi wa habari siku ya pili. Naye asiambiwe atafute wakili. Apewe kontroo namba ya kupokelea, kama sisi tunavyopewa ya kulipia.

Kila mtu maarufu aweke bango la bei, lisomeke hadi barabarani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlipa tozo

Nakala:
BASATA: kwa taarifa.
TFF: bei zenu tumeziona, ahsanteni.
Wasanii wote: bei mpya zinaanza Jumatano. Jazeni matangi Jumanne.