Jinsi ya Kujenga Mtandao wa Mashine Zinazozungumza: Mwongozo wa Kuanzia Kapsoya

Ndugu mhandisi, umepewa kazi ya kubuni mtandao wa simu wa miaka ya 2030, ule ambao wasemaji wake wengi hawatakuwa watu bali mawakala wa akili mnemba. Programu ya mfugaji itatafuta bei ya maziwa, ijibizane na programu ya mnunuzi, kisha iagize pikapu kwa programu ya mwenye gari, na mwenye ng'ombe wala hajagusa simu. Hongera kwa kazi hiyo. Sasa funga kompyuta, uje Eldoret, upande matatu ya Kapsoya na utafute nyumba ya kupanga. Usianzie Barcelona kwenye maonyesho ya kampuni za simu. Kule kila kitu kimeandaliwa kiwake mgeni anapofika, na kitu cha namna hiyo hakimfundishi fundi lolote.

Ukishapata nyumba, toka nje utazame juu. Anga hili liliwahi kubeba mtandao. Julai 2020, Telkom Kenya na Loon, kampuni dada ya Google, walianza kutoa huduma ya 4G kwa maputo yaliyoelea kama kilomita 20 juu ya ardhi. Eneo lao lilikuwa karibu kilomita za mraba 50,000, Eldoret ikiwemo, pamoja na Iten, Baringo, Kakamega na Kisumu. Maputo hayo hayakusukumwa na injini. Yalipanda na kushuka yakitafuta upepo unaoelekea kunakotakiwa, huku yakipokezana mawimbi, puto kwa puto, hadi kituo cha ardhini. Desemba mwaka huohuo jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioeleza jinsi kompyuta ilivyojifunza kuyaongoza. Kwa hiyo usiwaambie watu wa Kapsoya kwamba unawaletea jambo lisilowahi kuonekana duniani. Mashine zimekwisha kupanga mtandao wao wenyewe juu ya mabati yetu. Machi 2021 huduma ikazimwa, kwa sababu gharama ilikataa kushuka kiasi cha kuwa biashara. Andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako: ufundi ulifaulu, hesabu ikagoma.

Hatua inayofuata ni kugeuza barabara. Katika majaribio yao hapa Kenya, Loon walitangaza kasi ya kupakua ya megabiti 18.9 kwa sekunde, na ya kupakia 4.74. Si wao tu. Minara ya 4G na 5G nayo kwa kawaida huachia upande wa kupakua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu waliochora walituona kuwa watazamaji wa video. Wakala hana haja ya video. Yeye anatuma picha ya jani la hindi lenye madoa, anatuma sauti ya kikohozi cha mtoto, anatuma kipimo cha mzani wa maziwa, kisha anangoja jibu la maneno machache. Mzigo wake unapanda kuliko unavyoshuka. Ukiacha mgawanyo ulivyo, mkulima wa Moiben atakuwa na msaidizi hodari anayesikia vizuri na kusema kwa shida.

Kisha uamue mashine hizi zikutane wapi, na hapa nakuomba utulie, kwa kuwa ndipo tumewahi kuumia. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani hadi 2015. Kwa miaka minane mtu wa Kapsoya akimtumia jirani wa Munyaka shilingi mia mbili, hesabu ilisafiri hadi Ulaya na kurudi, ilhali wawili hao wangeweza kutembeleana kwa miguu. Kabla ya hapo, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zilikuwa zikizungukia ng'ambo kwa setilaiti. Kituo cha KIXP kilipofunguliwa mwishoni mwa 2000 ili data ya Kenya ibadilishwe ndani ya Kenya, kilifungwa ndani ya wiki chache kwa malalamiko kwamba kinaingilia haki ya shirika lililoshikilia njia ya kimataifa. Kikafunguliwa tena 2002. Leo ukirudia kosa lile kwa mawakala, ukaweka akili yote ng'ambo, utakuwa umejenga nchi ambamo ng'ombe na mnunuzi wako mtaa mmoja na mazungumzo yao yako chini ya bahari.

Watu watakuambia tatizo ni kuchelewa. Si hilo hasa. Akili mnemba yenyewe huchukua muda mrefu kufikiri kuliko waya unavyochukua kusafirisha. Tatizo ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, mawakala wawili wa Kapsoya wanapaswa kuendelea kuuziana maziwa bila hata kujua kwamba bahari ina matatizo. Weka kompyuta ya kutosha Eldoret. Mji huu umekuwa jiji tangu Agosti 2024, na hapa tayari kuna vyuo, hospitali ya rufaa ya Moi, viwanda na mashamba. Jiji linastahili ubongo wake.

Sasa hatua ninayoipenda kuliko zote: jifunze kuflashi. Kaa na vijana wa bodaboda kwenye steji wakueleze enzi ambazo simu moja iliyokatwa kabla ya kupokelewa ilimaanisha "nimefika", mbili "njoo unichukue". Hakuna shilingi iliyolipwa, wala hakuna neno lililosemwa. Kilichopita ni ishara tu ya mtandao kwamba fulani anapiga, na maana yote ilikuwa katika makubaliano ya awali. Sisi tulikuwa na itifaki ya mawakala kabla ya wenye itifaki. Tazama sasa itifaki zinazokuja. Anthropic ilitoa MCP Novemba 2024, Google ikatoa A2A Aprili 2025. Zote ni kazi nzuri, na zote huzungumza kwa maandishi marefu yaliyofungwa kwa mabano, kana kwamba kila aliye upande wa pili amechomekwa kwenye waya nono. M-Pesa ilianza kwenye menyu ya kadi ya simu na ujumbe wa SMS wenye herufi 160, ikahamisha fedha za taifa. Waandishi wa itifaki waamke na kikomo hicho mbele ya macho yao.

Kuna sababu ya kiufundi pia ya kubana maneno. Simu iliyolala ikitaka kutuma hata neno moja, huamkiana na mnara kwa jumbe kadhaa kwanza, na mnara ukishajaa maamkizi hauna nafasi ya mazungumzo. Mtu hutuma ujumbe akapumzika. Wakala anaweza kuuliza bei usiku kucha. Toleo la 17 la viwango vya simu vya 3GPP limeruhusu simu ya 5G itume vipande vidogo vya data bila kuamka kabisa. Anzia hapo, uendelee mbele.

Kuhusu bando, sina maneno mengi. Bando linaloisha usiku wa manane limenunuliwa na mtu kwa ajili ya mtu. Majadiliano ya mashine yasilile. Anayetoza atoze biashara iliyokamilika, tena kidogo.

Halafu kabla ya kuruhusu wakala yeyote akubali bei, mpe mwenye laini nafasi ya kusema hapana. Safaricom walipoleta Hakikisha, jina la mpokeaji lilijitokeza kwenye skrini, na ukawa na sekunde chache za kusimamisha fedha zisiende kwa mtu usiyemkusudia. Ni kitu kidogo kilichookoa fedha za watu wengi. Sheria nayo iko: kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Usiifiche haki hiyo ndani ya kurasa za masharti ambazo hakuna anayesoma. Iwe ndani ya mtandao wenyewe: kila wakala ajulikane anasema kwa niaba ya laini ipi, na mwenye laini aweze kumnyamazisha kwa namba fupi, kwa simu ya mulika mwizi, kwa Kiswahili au Kinandi.

Novemba 2023 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitaja matumizi sita ya mtandao wa kizazi kijacho. Moja ni akili mnemba kuunganishwa na mawasiliano, jingine ni kuwafikia watu kila mahali. Nakusihi uyasome hayo mawili kama sentensi moja.

Mwisho ni jaribio, nalo lifanyike Aprili, mvua ikiwa imeshika na stima imepotea. Chukua mawakala wawili, mmoja kwenye laini ya Safaricom na mwingine ya Airtel, ndani ya simu za bei nafuu. Mmoja auze magunia kumi ya mahindi ya kilo 90, mwingine anunulie kinu cha posho. Wakifika katikati ya makubaliano, kata mtandao. Subiri nusu saa, uurudishe, kisha uende ghalani ukahesabu. Magunia yakiwa kumi na malipo yakiwa ya kumi, waite wenzako waje waone. Yakiwa yameuzwa mara mbili, rudi kwenye mchoro. Kodi ya mwezi ujao nitakulipia mimi.