Nani Amlipie Nyumbu?

Nyumbu alianguka mchana kweupe mbele ya kibanda cha Nyegere, kibuyu cha maji ya asali kikamwagika kando yake. Waliomnyanyua ndio walioona kidonda kwenye kwato yake ya nyuma, ambacho kwa miezi alikuwa akikificha kwa matope. Tabibu Korongo alimpima, akasema ni kisukari cha ukubwani, kimemkalia miaka bila yeye kujua, na figo zimeshaharibika. Tangu siku hiyo Nyumbu akawa wa kuvushwa mto mara 3 kwa wiki. Kila safari alilala saa 4 kwenye mashine ya kusafisha damu, kisha akarudishwa nyumbani akiwa hoi.

Gharama ilitoka kwenye mfuko wa matibabu wa kijiji. Kila kaya ilichangia debe moja la nafaka kila mavuno, na mfuko ulikuwa umeanzishwa kwa ajili ya homa, uzazi na mifupa iliyovunjika. Sasa wagonjwa wa aina ya Nyumbu walikuwa wengi. Kabla ya mvua za vuli, Kobe mtunza hazina akaripoti kuwa ghala limebaki sakafu tupu. Mzee Tembo, mwenyekiti, akaitisha baraza chini ya mbuyu.

Duma ndiye aliyesimama wa kwanza. "Mwenyekiti, mimi huamka alfajiri nikakimbia mpaka jua lichomoze. Maji ya asali sijayagusa maishani. Nyumbu alikunywa kwa mdomo wake, hakuna aliyemziba pua akamnywesha. Kwa nini debe langu limlipie?"

Baraza likampigia makofi. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kupuuzwa. Wengi wanaochangia mifuko ya namna hii hawana cha ziada. Kumwambia mwenye debe moja alitoe kwa ajili ya mazoea ya jirani ni kumwomba jambo kubwa. Kobe hakumbeza. Alifungua daftari tu, akasoma: "Ndugu Duma, msimu wa juzi mfuko huu ulikuunga mguu uliouvunja ukikimbia. Hakuna aliyekutuma kukimbia, na hakuna aliyekuuliza."

Duma akakaa. Hapo Sungura akaja na mizani. Alitaka kila mnyama apimwe na alipe kwa kilo, anayezidi azidishiwe debe. Lilionekana jambo rahisi, likakubaliwa siku hiyohiyo. Wa kwanza kupanda alikuwa Kiboko, ambaye ukoo wake mzima umezaliwa hivyo. Kutwa yuko majini, usiku anatembea mwendo mrefu kutafuta majani, na hajawahi kulazwa hata siku moja. Akaandikiwa madebe mengi mno. Baada yake akapanda Kicheche, mbavu zinahesabika, naye tayari anaugua kisukari kilekile cha Nyumbu. Akatakiwa kutoa kikombe kimoja.

Lakini madhara ya mizani yalikuwa makubwa kuliko hayo. Wiki ile Tabibu Korongo alikaa peke yake. Mama Nguchiro, aliyekuwa na kiu isiyoisha na macho yanayofifia, alikaa kwake asije akapimwa na kutajwa kwa sauti mbele ya watu. Aibu haijawahi kumponya mgonjwa wa kisukari wala wa shinikizo la damu. Humfundisha kujificha, na anapoibuka huwa ameshafikia hatua ya mashine au ya kukatwa mguu, ambako matibabu ni ghali mara nyingi zaidi kuliko vidonge ambavyo angepewa mapema. Kila anayedhani kumtahayarisha mnene kunaokoa fedha za umma alifikirie hilo.

Baraza lilipokutana tena, Kobe aliomba wamwangalie Nyumbu tangu mwanzo, si tangu alipoanguka. Zamani hakuna aliyehitaji kumhimiza Nyumbu atembee. Kila mwaka alifuata mvua na wenzake, wakavuka mto, wakarudi. Kisha njia yao ikazibwa kwa uzio wa shamba la mizinga la Nyegere, na aliyetia sahihi ruhusa ya uzio ni baraza lenyewe. Nyumbu akapata kazi ya kulinda geti la shamba hilo, akawa wa kukaa kutwa. Kisima cha kijiji pampu yake ilikufa, ikaachwa. Maji ya mto yaliwaharisha watoto. Kinywaji cha karibu kisichoumiza tumbo kikawa ni kile cha Nyegere, ambaye alikuwa amevipaka vibanda vyote rangi nyekundu bila kudai malipo, akaipa shule kibao chenye jina lake na kuyafadhili mashindano ya mbio ya watoto. Washindi walizawadiwa vibuyu.

Kobe alikuwa amepima kilichomo. Kibuyu cha nusu lita kilikuwa na sukari ya vijiko vya chai zaidi ya 12. Hilo si la hadithini tu: nusu lita ya soda nyingi za kawaida madukani kwetu hubeba takriban gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu hizohizo 50. Chupa moja, na siku imekwisha, kabla ya chai na maandazi.

Nyegere alijibu kwa upole. "Simlazimishi mtu. Nimewaajiri nyuki maelfu. Mkinitoza, nitawapunguza, na watoto wao mtawalisha ninyi."

Ndipo Mbayuwayu akaomba nafasi. Yeye hutaga Uingereza majira ya joto, na baridi ikianza huko hupita kwetu akielekea Afrika Kusini, kwa hiyo ameona mengi. Alisema kwamba Aprili 2018 Waingereza walianza kumtoza mtengenezaji wa vinywaji vyenye gramu 5 za sukari au zaidi katika mililita 100, na kuanzia gramu 8 akatozwa zaidi. Walikuwa wametangaza tangu 2016, na kabla siku haijafika watengenezaji wengi walishapunguza sukari wenyewe. Mwezi uleule wa Aprili 2018 Afrika Kusini ikaanza kutoza kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100. Huko pendekezo la awali la Hazina lilikuwa kama asilimia 20 ya bei. Wenye viwanda na wenye miwa wakalilia ajira, maneno yaleyale ya Bwana Nyegere, na kodi ikatoka ikiwa karibu asilimia 11.

"Na Denmark?" Nyegere akadakia. Mbayuwayu hakuficha. Wadenmark walitoza mafuta ya siagi, jibini na nyama Oktoba 2011. Watu wakavuka mpaka kununua siagi Ujerumani na Sweden, na kufikia Januari 2013 kodi ilikuwa imefutwa. Kobe akasema siagi ni ya jikoni kila siku, na anayeibana bila kumpa mpishi badala yake lazima ashindwe. Badala ya maji ya asali ni maji. Basi kisima kifufuliwe kwanza, au tozo itakuwa ni kumwadhibu mwenye kiu.

Hadi hapo Bi. Punda alikuwa hajasema neno.

"Mnashindana nani alipe," alisema, "wakati mimi nalipa tangu siku ya kwanza. Mara 3 kwa wiki Mzee Nyumbu anapanda mgongoni kwangu. Nikiwa na mzigo mwingine, binti yangu ndiye anayembeba. Mwalimu Bundi ameshamfuta kwenye daftari la shule. Mkewe Nyumbu ameliacha shamba ili auguze kidonda. Nionyesheni ukurasa tulioandikwa."

Kobe alipekua daftari kurasa zote. Hawakuwamo.

Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika mjadala wa nani abebe gharama za maradhi haya. Serikali huhesabu bajeti, bima huhesabu madai, mwajiri huhesabu siku za kazi zilizopotea. Anayeshika mkoba wa dawa kwenye benchi la kliniki, mara nyingi mke au binti, hahesabiwi popote, ingawa ametoa kabla ya wote.

Uamuzi ulichukua siku mbili na makelele mengi. Mizani ya Sungura ikaondolewa. Debe la kila kaya likabaki, la Duma na la Nyumbu sawasawa, maana hakuna ajuaye ugonjwa wa kesho ni wa nani. Nyegere akatozwa kwa kila kijiko kinachozidi kipimo, na kibao chake shuleni kikang'olewa. Baraza likakata posho zake lenyewe litengeneze pampu na kufungua njia kwenye uzio. Mzee Tembo alipendekeza tozo iingie kwanza kwenye ujenzi wa ukumbi, akazomewa. Fungu la kwanza likaandikwa kwa Bi. Punda na mke wa Nyumbu, ili mbebaji wa kulipwa apatikane na binti arudi darasani. Nyumbu mwenyewe alisimama kwa taabu, akasema la kwake analijua: kibuyu atakiacha, na miadi ya tabibu hatakosa. Duma alipiga kura ya kukataa, na haki hiyo anayo.

Nyegere alipunguza asali kabla ya tozo kuanza. Hakuna nyuki aliyefukuzwa. Lakini mapipa ya asali nzito hakuyamwaga. Usiku mmoja aliyavusha mto hadi kijiji cha pili, ambako hakuna mfuko wala baraza, na asubuhi vibanda vya huko vilikuwa vinapakwa rangi nyekundu. Mbayuwayu ndiye aliyeleta habari. Bi. Punda na Kobe wameshapewa nauli ya mtumbwi. Watavuka Ijumaa, na daftari la hesabu za mfuko wanakwenda nalo.